Jaribio la Nne

Mirija ya utando haikuja mwaka ule.
Barua ya maombi ilikwenda wilayani ikalala,
basi Mwalimu Shemdoe akanituma Mgandini, alfajiri,
kwa Mbwego muuza matumbo:
"Mwembamba, mpya, usio na tundu. Mwambie ni wa masomo."
Mbwego akacheka hadi kisu kikamtetemeka.
"Mbuzi huyu kafa hajui kusoma, leo anaingia sekondari!"
Akanipimia dhiraa mbili, bure,
nikaubeba kwenye mfuko wa sukari, inzi wakinisindikiza
hadi relini, hadi getini.

Wanga niliutoa nyumbani,
ule wa muhogo, mama aliotilia kola za mashati ya makarani.
Kikombe kimoja tu. Nikaongeza maji kwenye sufuria,
na juma lile makarani wa bandari ya Tanga
walitembea na kola zilizolegea kama masikio ya mbwa.
Sijamwambia mpaka leo.

Ayodini ilitoka zahanati,
ya kuhesabu kwa tone.

Tukafunga ncha moja kwa uzi wa mkonge,
tukamimina wanga, tukafunga ya pili,
tukausuuza utumbo, tukauzamisha
katika bika ya maji yenye rangi ya mkandaa.
Mwalimu akaandika ubaoni neno refu la Kiingereza,
akalitazama, akalifuta nusu, akasema:
"Huu ni utando unaochagua.
Kidogo hupita. Kikubwa hubaki.
Hauna chuki, hauna mapenzi. Una matundu tu,
na matundu yana kipimo."

Maabara yetu ilipakana na uchochoro.
Huko nje, nyuma ya vioo vya kupangana,
alisimama Semkiwa Ngoda.
Jina lake lilikuwa kwenye orodha ya geti,
ada ya mihula miwili,
na mlinzi aliijua orodha ile
kuliko majina ya wanawe.
Vioo viwili vilivunjika tangu masika:
sauti ilipita, harufu ya utumbo ilipita,
daftari langu likapita limekunjwa,
na kalamu.
Yeye hakupita.

Tukangoja. Dakika kumi. Honi ya treni ya mizigo.
Dakika ishirini.
Kundi la Zahabu likapiga kelele: bika yao yote nyeusi,
ndani nje, nje ndani, wino mtupu.
Mwalimu akaunyanyua utumbo wao kwenye mwanga,
akatuonyesha kitundu kisichozidi jicho la sindano.
"Huu hauchagui tena," akasema. "Huu umetoboka."
Nikamwona Semkiwa anatabasamu peke yake.

Wetu ulishika. Nje, mkandaa uleule, umefifia kidogo.
Ndani, taratibu, kuanzia pembeni,
buluu ikaja, ikakolea,
ikawa nyeusi kama zambarau za Muheza.
Nilikuwa natafuta rula
sauti ya dirishani ikaniwahi:
"Ayodini imeingia. Wanga haukutoka.
Waliomo ndani wamebadilika rangi, mwalimu,
na mlango hawajauona."

Hatukucheka. Mwalimu Shemdoe alivua miwani,
akaifuta kwa tai, akaivaa,
akafungua kitabu cha alama.
Jina lililokatwa kwa wino mwekundu
akaliandika upya, chini kabisa, kwa penseli:
Ngoda S., jaribio la nne, tisa juu ya kumi.
"Moja nimeikata," alisema, macho dirishani,
"kwa kuwa hukuchora mchoro."

Jumatatu vioo viwili vilirudishwa, vipya,
karatasi ya dukani bado imebandikwa.
Vidole vyangu vilibaki na kahawia siku nne;
mama akadhani ni hina iliyokataa kukolea.

Daftari halijarudi.
Kurasa zake za mwisho zilikuwa tupu.
Huenda alichora.